Mto Mmoja, Lugha Mbili: Maporomoko ya Ntumbachushi na Sherehe ya Mutomboko

Katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, upo mto mdogo uitwao Ng'ona. Mto huu hutoka katika uwanda wa juu, upande wa mji wa Kawambwa. Huanguka gengeni mahali paitwapo Ntumbachushi. Kisha hushuka bondeni na kupita Mwansabombwe, mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Mashariki. Mgeni afikaye huko mwishoni mwa mwezi wa Julai aweza kutazama maporomoko siku moja, na siku ya pili yake akamtazama Mwata akicheza Mutomboko mbele ya umati wa watu. Vitabu vya wasafiri huyaeleza mambo haya kama mawili yasiyohusiana: moja ni kazi ya maumbile, la pili ni kazi ya watu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa mwenye kuchunguza lugha mambo hayo yahusiana sana. Jina la maporomoko ni la lugha isemwayo nyumbani na sokoni katika nchi ile. Sifa za mfalme katika sherehe ni za lugha nyingine, ambayo wengi wa wasikilizaji hawaisemi. Mto ni mmoja, lakini lugha zake ni mbili. Yafaa tuulize jinsi hali hiyo ilivyotokea, na iwapo yaweza kutufundisha kanuni yoyote juu ya maisha ya lugha.

1. Mahali penyewe

Kawambwa ni mji mdogo wa utawala, uliojengwa juu ya uwanda. Karibu yake pana mashamba ya chai. Barabara itokayo hapo kwenda magharibi huteremka hadi bonde la Luapula, mto ambao ndio mpaka wa Zambia na Kongo. Maporomoko ya Ntumbachushi yako njiani, kabla ya kufika bondeni. Maji huanguka kiasi cha mita 30. Upande mwingine wa wilaya, katika mto Kalungwishi, yako maporomoko ya Lumangwe, ambayo ni mapana zaidi sana. Nayo hufananishwa mara nyingi na yale makubwa ya Zambezi, ingawa wageni wayajuao ni wachache.

Bondeni kuna watu wengi, nao hutegemea uvuvi na mihogo. Mbereshi, penye misheni iliyoanzishwa mwaka 1900, si mbali na Mwansabombwe. Lugha ya bonde lote ni Kibemba, kwa lafudhi ya Luapula. Ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, Kibemba husikika vile vile, pamoja na Kiswahili cha Katanga.

2. Jina la maporomoko

Tuanze na neno letu wenyewe. Kiswahili cha pwani hakina neno la asili lililotengwa kwa maji yaangukayo kutoka gengeni. Twasema "maporomoko" au "maanguko ya maji", na maneno yote mawili yametokana na vitenzi vya jumla: mawe huporomoka, udongo huporomoka, hata nyumba huporomoka. Si ajabu, kwa kuwa mito ya pwani hupita katika nchi tambarare, na mwenye lugha hapati haja ya kulitaja jambo asiloliona. Maneno hayo yaeleza mwendo wa kitu kutoka juu kwenda chini, na lazima tuongeze "ya maji" ili maana ikamilike.

Watu waliokaa karibu na maporomoko walitazama kitu kingine. Hawakuyaita kwa sababu ya kuanguka kwake, bali kwa sababu ya ukungu upandao. Sehemu ya mwisho ya jina Ntumbachushi ni neno la Kibemba icushi (herufi c husomwa ch), yaani moshi. Neno hili na "moshi" la Kiswahili ni ndugu. Shina la Kiswahili ni -oshi, lenye kiambishi cha ngeli ya tatu, mu-. Shina la Kibemba ni -ushi, lenye kiambishi cha ngeli ya saba, ici-. Katika lugha zote mbili sauti sh imetoka katika k ya kale iliyofuatwa na irabu ya juu. Tofauti iliyoko ni ya ngeli na ya irabu ya shina, nayo si kubwa.

Mfano wa pili wajulikana duniani kote. Maporomoko ya Zambezi ambayo Livingstone aliyaona mwaka 1855 aliambiwa huitwa Mosi-oa-Tunya, "moshi ungurumao". Hapa pia mosi ni moshi. Lakini jina hili si la lugha ya wenyeji wa mahali pale. Watonga walikuwa na jina lao, Shungu Namutitima. Mosi-oa-Tunya ni jina la Kikololo, yaani la tawi la Kisotho lililoletwa kutoka kusini na watu waliokuwa wameishika nchi miaka michache tu kabla ya hapo. Livingstone alisafiri na Wakololo, akaandika kama walivyosema.

Basi majina mawili yenye wazo moja yana historia mbili tofauti. Mosi-oa-Tunya ni jina la washindi. Ntumbachushi ni jina la lugha ya walioshindwa, maana bonde la Luapula nalo lilishindwa, na walioshinda hawakuwa wasemaji wa Kibemba.

3. Washindi waliobadili lugha

Walunda wa Kazembe walitoka magharibi, katika milki ya Mwata Yamvo, ambayo makao yake makuu, Musumba, yamo katika Kongo ya leo. Kazembe lilikuwa jina la cheo cha wakuu waliotumwa kusimamia nchi za mbali, na wenye cheo hicho walikuwa zaidi ya mmoja. Masimulizi ya Walunda yasema kwamba Chinyanta alimpelekea Mwata Yamvo habari za mahali penye chumvi, ambazo mkuu wake, Mutanda, alitaka kuzificha. Kwa ajili hiyo Mutanda aliamuru Chinyanta na nduguye Kasombola wazamishwe katika mto Mukulweji. Mwana wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, akapewa cheo cha Kazembe, na kutoka kwake msafara wa kwenda mashariki ukaendelea. Kufikia katikati ya karne ya 18 Walunda walikuwa wamefika Luapula.

Huko waliwakuta Wabwilile, wahesabiwao kuwa wenye ardhi wa kale, na Washila, wavuvi waliotawaliwa na Nkuba. Masimulizi yaeleza jinsi nchi ilivyopita mikononi mwa Kazembe. Nkuba alimwua mwana wa dada yake, Nachituti. Nachituti akaenda kwa Kazembe kuomba alipiziwe kisasi; na kisasi kilipolipwa, alimpa Kazembe kapu la udongo na chombo cha maji, yaani nchi na ziwa. Mwanahistoria atalipima simulizi hili kwa mizani yake. Mwenye kuchunguza lugha hana budi kutambua jambo moja: hata katika simulizi la washindi wenyewe, nchi na maji vyatoka mkononi mwa mwanamke wa wenyeji.

Ufalme huu ulipata sifa mbali. Mwaka 1798 Mreno Lacerda alifika kwa Kazembe Lukwesa, akafa huko mwaka huo huo. Miaka ya 1831 na 1832 alifika Gamitto, ambaye kitabu chake chaitwa "O Muata Cazembe". Mwezi wa Novemba 1867 alifika Livingstone, akamkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Salih, aliyekuwa amezuiliwa na Kazembe kwa muda wa miaka mingi. Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alipita nchi hii kwenda kuusimamisha utawala wake Katanga. Na msomaji wa jarida kama hili atakumbuka kwamba habari za nchi jirani ya Itabwa, na za vita vya Nsama, zimo katika "Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip", ambayo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyachapisha tena pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959. Kiswahili basi kilisikika katika uwanja wa Kazembe kabla ya utawala wa Waingereza.

Walakini, katika muda huo wote lugha ya Walunda ilikuwa ikipungua. Ushahidi ulio wazi kupita wote ni kitabu kilichotungwa na Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, pamoja na Padre Labrecque, na kupigwa chapa mwaka 1951: "Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi", yaani Wahenga Wangu na Watu Wangu. Hii ni historia ya Walunda iliyoandikwa na mfalme wa Walunda, nayo imeandikwa kwa Kibemba. Msomaji wa Kiswahili ataitambua sarufi ya jina hilo mara moja: fi- ni vi- yetu, ba- ni wa- yetu, na -andi ni -angu. Lililo geni kwake ni kwamba wahenga wamo katika ngeli ya nane, na kivumishi chao chafuata umbo la ngeli hiyo, ilhali Kiswahili hutaka viumbe wenye uhai wapatanishwe kwa a- na wa-.

Kwa nini washindi walipoteza lugha yao? Hawakulazimishwa, na hawakushindwa vitani. Sababu iko nyumbani. Walunda waliofika walikuwa wachache. Walioa wanawake wa nchi, na mtoto hujifunza maneno yake ya kwanza kwa mama yake. Katika nyumba ya kifalme cheo hutoka kwa baba, lakini lugha ilitoka kwa mama. Vizazi vichache vyatosha kwa jambo hilo. Mfalme alikuwa Mlunda kwa nasaba na Mbemba kwa ulimi, na wala hakuona kinyume chochote katika hali hiyo.

4. Lugha iliyobaki uwanjani

Lugha iliyotoka nyumbani haikutoweka kabisa. Ilibaki katika vyeo, katika sifa na katika nyimbo za kifalme. Sifa za wafalme wa Kazembe, ambazo mkusanyo wake uliofanywa na J. Chiwale ulichapishwa na Taasisi ya Rhodes-Livingstone mwaka 1962, hazikutungwa kwa Kibemba. Ni za lugha ya magharibi, yenye Kiluba kingi pamoja na Kilunda cha kale. Msikilizaji wa kawaida hutambua jina la mfalme na maneno machache. Yaliyosalia huyasikia kama mtu asikiavyo sala ya lugha asiyojifunza, akijua shabaha yake bila ya kujua maneno yake.

Sherehe yenyewe huonyesha jambo hili. Mutomboko kama sikukuu ya kila mwaka, yenye tarehe maalum na wageni wa serikali, ni jambo la nusu ya pili ya karne ya 20. Lakini ngoma yenyewe ni ya kale: ilichezwa mfalme alipotawazwa, na baada ya ushindi vitani. Jina lake ni mfano mzuri wa unyambuaji. Katika Kiluba na katika lugha za Luapula kutomboka ni kucheza ngoma ya ushindi. Mutomboko limeundwa kwa kiambishi mu- na kiishio -o, kama vile sisi tupatavyo "mchezo" kutokana na cheza na "mwendo" kutokana na enda. Kwa kuwa sarufi ya lugha hizi yafanana, neno la kigeni laweza kuingia na kukaa bila ya mshono wake kuonekana.

Hali ya cheo cha Mwata si hiyo. Huko Musumba husemwa Mwant Yav, kwa kuwa Kilunda cha huko kimeacha irabu nyingi za mwisho wa maneno. Huku mashariki, ambako kila silabi hutaka kuishia kwa irabu, husemwa Mwata Yamvo. Gamitto aliandika "Muata", kwa hiyo twajua kwamba umbo hilo lilikuwa limekwisha kukaa kabla ya katikati ya karne ya 19. Hapa mshono waonekana, nao watuonyesha njia neno lilikopita.

Asubuhi ya sherehe Mwata hupakwa unga mweupe, na huenda kwenye mto Ng'ona, akatupa chakula na kinywaji majini kwa kuwakumbuka wahenga waliozama katika Mukulweji. Jambo hili lastahili kuangaliwa sana. Mukulweji uko mbali magharibi, upande wa Lualaba, na wengi wa wale wasimamao ukingoni hawajauona. Ng'ona husimama badala yake. Mto ambao juu, kwenye maporomoko, una jina la lugha ya wenyeji, huku chini hupewa kazi ya mto mwingine kabisa, mto wa kumbukumbu ya Walunda. Maji ni yale yale, lakini kwa siku moja hubadili maana yake.

Baadaye Mwata huchukuliwa kwa machela, amevaa mukonso, vazi pana la kitambaa lenye mikunjo mingi, na alasiri hucheza uwanjani akiwa na shoka na upanga. Miongoni mwa ngoma zipigwazo kuna mondo, ambayo ni gogo lililochongwa na kutobolewa ufa mrefu, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mondo husema. Huweza kusema kwa sababu lugha za huko zina toni, na mpigaji hufuata kupanda na kushuka kwa sauti ya maneno. Kiswahili, kilichoacha toni na kuweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, hakiwezi kusemwa na gogo la namna hiyo. Lakini mondo lina sharti lake: asiyejua maneno yaliyomo hawezi kuyatoa katika sauti mbili peke yake. Akisikia majina ya sifa ya lugha asiyoisema, kwake yatakuwa mapigo tu.

5. Mfano wa kinyume

Ingekuwa rahisi kusema kwamba lugha ya washindi huingia katika sherehe kwa ajili ya fahari, nayo ya walioshindwa hubaki nyumbani. Mfano wa Barotse, magharibi mwa nchi hiyo hiyo, wakataza kusema hivyo. Wakololo waliishika nchi ile kiasi cha mwaka 1840 chini ya Sebetwane. Mwaka 1864 Waluyi waliwaondoa, wakawaua wanaume wao wengi. Tungetazamia lugha ya Wakololo ife pamoja nao. Haikufa. Kilozi cha leo, ambacho hufundishwa shuleni na kutumiwa redioni, kimejengwa juu ya Kisotho cha Wakololo. Kiluyana, lugha ya kale ya wenyeji walioshinda mwishowe, ndiyo iliyorudi nyuma hadi katika sifa na nyimbo za kifalme. Nayo husikika mfalme ahamapo makao yake wakati wa mafuriko, katika sherehe ya Kuomboka.

Tukiweka mifano miwili pamoja twaona kwamba ushindi hauamui. Huko Luapula lugha iliyoingia katika sherehe ni ya walioingia. Huko Barotse ni ya wenyeji. Lililo sawa katika mahali pote pawili ni hili: nyumba ilifuata lugha ya waliolea watoto. Luapula wake walikuwa wa wenyeji. Barotse wanawake wa Kikololo waliachwa hai na kuolewa, na vijana wengi wa Kiluyi walikuwa wamekulia chini ya utawala wa Wakololo, wakaizoea lugha yao. Nayo sherehe, mahali pote pawili, ilishika kile nyumba ilichokiacha. Sherehe haichagui lugha ya wenye nguvu; huchagua lugha ya wahenga, awaye yote aliyekuwa mhenga.

6. Hatari, na kazi iliyo mbele yetu

Kanuni hiyo yaweza kutufariji mno, nasi tukadhani kwamba lugha iliyo katika sherehe imehifadhiwa. Sivyo. Lugha isiyosemwa nyumbani huishi kwa msaada wa wafasiri. Mradi wapo wazee wachache wawezao kusema "jina hili la sifa maana yake ni hii, nalo lilitolewa kwa tukio hili", maneno yangali na uhai. Wakiondoka bila ya kurithisha, maneno yatabaki kama sauti, na sauti hukosewa. Mkariri wa kwanza ataacha silabi, wa pili ataibadili ifanane na neno la Kibemba alijualo, na wa tatu ataifupisha kwa sababu wageni wamechoka na jua. Hapo sherehe itakuwa tamasha: itatazamika, lakini haitasema.

Wingi wa wageni huleta faida, na si haki kuulaumu. Mji mdogo hupata fedha, vijana huona kwamba dunia yathamini mambo yao, na njia ya kwenda Ntumbachushi hupitika. Lakini mgeni hupiga picha, na picha hazishiki toni. Mtafiti hana budi kufanya yale ambayo mgeni hayafanyi. Kwanza, sifa na mapigo ya mondo virekodiwe pamoja, kwa kuwa kimoja ni ufunguo wa cha pili. Pili, maandishi yaonyeshe toni, maana maandishi ya Kibemba ya kawaida hayaionyeshi. Tatu, ufafanuzi wa wazee uandikwe kwa maneno yao wenyewe, kwa Kibemba, kabla ya kutafsiriwa kwa lugha yoyote. Nne, nakala ibaki Mwansabombwe, ili mkariri kijana aweze kujifunza kwayo.

Kazi hii yatuhusu sisi wa Kiswahili pia. Tenzi zetu za kale zina msamiati tuuitao Kingozi, ambao hausemwi sokoni, na ambao kila kizazi cha wasomaji huuelewa kwa msaada wa maelezo ya kizazi kilichotangulia. Nyimbo za Mwaka Kogwa huko Makunduchi huimbwa mwezi ule ule wa Julai ambao Mwata hucheza Mutomboko. Katika mahali pote hapo swali ni moja: ni nani awezaye kueleza, na je, amekwisha kumweleza nani? Mwandishi wa "Ifikolwe Fyandi" alikuwa mfalme aliyetambua kwamba watu wake hawangeisoma historia yao kwa lugha ya wahenga. Akawaandikia kwa lugha ya mama zao. Alifanya vyema. Lakini sifa hakuweza kuzihamisha, kwa sababu sifa iliyotafsiriwa yaweza kueleweka, ila mondo haliwezi kuipiga. Hizo zataka kuandikwa kama zilivyo, na kuelezwa, wakati wajuzi wake wangali hai.